Ombi la Kurudishiwa Binti Yangu Kama Alivyokuwa Kabla ya Kujua Milimita

Duka la Tayebali na Wanawe
(wana wenyewe ni binti mmoja),
Biashara Street,
Mombasa.

Kwa Bi Eddah Odera,
Mkuu wa Chuo cha Ufundi cha Jamii,
Ganjoni.

Bi Mkuu wa Chuo,

KUH: KUIKATAA FOMU YENU, PAMOJA NA MENGINE YALIYONIKAA MOYONI

Salamu nyingi zikufikie wewe, walimu wako, na mlinzi wa langoni ambaye siku ile nilipokuja alinipa kiti bila kuombwa. Sisi hatujambo. Mama yangu, Bi Khursheed, hajambo pia, na kwa nini siku hizi hajambo kuliko kawaida yake nitaeleza katika lalamiko la pili. Mwandiko wangu ukiwa umeinama nisamehe. Bega la kulia lina maneno yake.

Nimeipokea fomu yenu. Inasema binti yangu Lubaba, mwanafunzi wenu wa kukereza na kupima vyuma, amechaguliwa kwenda kujifunza kazi kwa miezi sita katika karakana ya kutengeneza meli kule Mbaraki. Inasema mzazi atie sahihi kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Bi Mkuu, sitatia. Wala sikomei hapo. Naomba, kwa heshima zote, mnirudishie binti yangu kama mlivyompokea. Mlimpokea akiwa msichana mwenye adabu zake, asiyejua milimita. Namtaka huyo.

Najua ombi hili huenda halina mfano katika majalada yenu. Lakini mimi ni mwenye duka, na dukani kwangu mtu akinunua kitambaa kisimfae, akakirudisha kesho yake, nakipokea. Wala uso sikunji. Sioni kwa nini chuo kizima, chenye geti na bendera, kishindwe na jambo ambalo duka la vitambaa hulifanya kila wiki.

Nakiri kwamba nilimleta mwenyewe. Pale barazani pangu hukaa mafundi wa cherehani, na cherehani zao zina tabia ya kugoma kila sikukuu ikikaribia. Nikasema, Lubaba akasome mambo ya vyuma, arudi atutengenezee cherehani. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa matumaini yangu. Sasa tazama nilichokipata, nakipanga kwa nambari ili usije ukadhani nimeamka vibaya.

1. Ndevu zangu. Mwanzoni kabisa, mwalimu wenu Bi Ndinda aliwafundisha kile chombo cha kubania, maikromita, kinachopima unene wa vitu ambavyo Mungu hakuvijalia unene. Akawaambia waende makwao wakapime unywele. Nyumbani kwetu nywele hazikosekani. Lakini Lubaba alinijia mimi, nimejinyoosha baada ya chakula cha mchana, akang'oa mmoja kidevuni. Nilipoamka, macho yamejaa machozi, aliniambia kwa furaha kwamba unywele wangu ni mnene mara mbili kuliko wa nyanya yake. Ndevu hizi nimezilea tangu ujana, Bi Mkuu. Hazikuota ili zikaingizwe katika jedwali.

2. Sinia. Hili ni zito kidogo. Sisi nyumbani hula pamoja, wote tukizunguka sinia moja kubwa, na sinia hilo hukaa juu ya kigoda cha chuma alichotuachia marehemu baba yangu. Tunaonja chumvi, tunalitaja jina la Mungu, kisha kila mtu anakula mbele yake. Kupeleka mkono upande wa mwenzako ni kukosa adabu. Sasa, kwa muda wote niliokuwa mwenye nyumba, mchuzi ukimiminwa juu ya wali ulikuwa ukija kwangu. Nyama nayo ilikuwa ikija. Sikuuvuta mimi. Nilikaa alipokuwa akikaa baba yangu, mchuzi ukaja, nikaamini kwa moyo safi kwamba riziki humjua mwenye nyumba. Hata wageni niliwaambia hivyo, wakakubali, na mmoja wao akafuta machozi.

Lubaba alikuja na pimamaji. Aliiweka juu ya kigoda, akakitazama kile kipovu kikikimbilia kwa mama yangu, akalala chali sakafuni kama fundi wa magari, kisha akatangaza mbele ya jamaa wote kwamba mguu wa upande wangu ni mfupi. Si riziki, akasema, ni mteremko. Kesho yake alileta kiatu kidogo cha chuma alichokikereza huko kwenu, kwa mashine yenu, akauvisha mguu ule. Tangu hapo mchuzi husimama katikati ya sinia, haumjui mkubwa wala mdogo. Mama yangu, aliyekuwa akikaa mkabala nami miaka yote hiyo akila wali mkavu na kudhani ndivyo daktari alivyotaka, juzi alilamba vidole akasema, "Kumbe mchuzi wa nyumba hii una nyama." Alisema hivyo akinitazama mimi. Mimi nilikuwa katika kuitafuta nyama.

3. Doti ya Sidi na Terry. Kanga, kama ujuavyo, huja pande mbili zilizoungana, nasi hupitisha mkasi pale kati. Bi Sidi wa Buxton na wifi yake Terry wana desturi ya kununua doti moja kila sikukuu wakagawana, huyu upande na yule upande. Ni watu wa kwaya moja, nyumba zao zinatazamana, na amani ya familia hiyo ilikuwa imekaa juu ya mkasi wangu. Mimi hukata kwa jicho. Jumamosi moja Lubaba, akinisaidia dukani, alizilaza zile pande mbili juu ya kaunta, akazioanisha ncha kwa ncha, akasema upande mmoja umeuzidi mwenzake kwa upana wa kidole. Hakuna aliyemwuliza. Sidi alimtazama Terry, Terry akamtazama Sidi, halafu wote wawili wakanigeukia mimi na kuanza kuzikumbuka sikukuu zote zilizopita, nani alichukua upande gani. "Ndiyo maana yangu hainizunguki," Terry akasema. "Nami nikidhani ni mwili." Shauri hilo sasa liko kwa wazee wao. Kanga yenyewe, ukitaka kujua, ilikuwa imeandikwa TULICHO NACHO CHATUTOSHA.

4. Nyumba. Tunakaa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe ya matumbawe iliyojengwa na watu wasiokuwa na haraka. Juu kabisa inagusana na nyumba ya jirani yangu, Mzee Kalama, aliyestaafu bandarini. Kwa miaka tumeishi vizuri sana, kila mmoja wetu akiamini kimoyomoyo kwamba nyumba ya mwenzake ndiyo iliyoiegemea ya kwake. Mtu ukiamini kwamba unambeba jirani yako, humtendea wema na kumsamehe mengi. Basi Lubaba alipanda darini akateremsha timazi, uzi na risasi yake, akashuka na jibu. Walioegemea ni sisi. Jibu hilo alilitoa dirishani, na dirisha letu na la Mzee Kalama ni kama dirisha moja.

Tangu siku hiyo mzee yule ananisalimia kama mgonjwa. Ameniletea papai. Jana tulikutana ngazini, nikamwambia pole kwa joto, naye akanishika mkono akasema, "Egemeeni tu, jirani. Mimi sina neno." Sijui kama umewahi kuambiwa maneno hayo, Bi Mkuu.

5. Posa. Walitujia watu wa heshima kutoka Ganjoni, wenye duka la vipuri vya magari. Kijana wao, Aamir, ni mtulivu, hana makuu. Mama yake alileta bangili ya dhahabu. Lubaba aliipokea kwa mikono miwili, jambo lililonifurahisha. Kisha akailaza mezani, akaizungusha kwa ncha ya kidole, akainama kuitazama kwa jicho moja, akasema kwa upole kabisa kwamba hii si duara, ni yai. Chai ilipoa mikononi mwa watu. Mama wa kijana akairudisha bangili kwenye kisanduku chake, akatafuta viatu. Nikatarajia kijana naye ataondoka. Hakuondoka. Alitia mkono mfukoni akatoa beringi ya pikipiki iliyokuwa ikimsumbua, akamwuliza kama nayo ni yai. Wakakaa sebuleni, nyanya yake Lubaba akiwa kati yao na tasbihi yake, wakazungumza beringi mpaka wakati wa sala, na hakuna hata mmoja aliyetaja ndoa. Juzi amerudi na beringi mbili. Sasa hii ni posa au ni kazi? Desturi zetu hazina jina la jambo hili, nami sijui nijiandae kwa pilau au kwa grisi.

6. La sita nilikuwa nalo, limenitoka. Nambari yake naiacha isimame ili hesabu isiharibike.

7. Mkono wangu. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu sikutaka kulileta.

Mimi hupima kitambaa kama alivyopima baba yangu. Ncha ya kitambaa naishika puani, mkono wa kulia naunyoosha mpaka vidole vikomee, na hiyo ndiyo yadi. Mita ya mbao ipo, imetundikwa ukutani; sheria inaitaka, nasi tunaitii kwa kuipangusa vumbi. Wateja wangu wanaupenda mkono. Wanasema mkono wa Tayebali una baraka.

Siku za karibuni niliona kwamba Lubaba, mteja akishatoka, huchukua jora nililokata akapima kimyakimya kilichobaki, kisha akalirudisha kwenye rafu. Nilimngojea aseme. Ndevu alizisema, sinia alilisema, nyumba yetu aliisema dirishani mtaa mzima ukasikia. Hili hakulisema. Halafu wiki iliyopita alileta fimbo ya shaba. Ni yadi moja, ameikereza ikawa laini kama kidole cha mtoto, ncha zake zimepigwa tupa zisinase uzi. Upande mmoja amechora sehemu za yadi, upande wa pili milimita. Aliiweka juu ya kaunta, mkono wa kushoto, mahali ambapo mtu anaitumia bila kuinua bega. Akasema ni zoezi tu la chuo, na kwamba hana pa kuiweka.

Sikuzaliwa jana. Nilisubiri atoke, nikashusha mlango wa duka, nikaupima mkono wangu kwa fimbo ile. Mkono haufiki. Bega limeuvuta nyuma kidogo kidogo bila kunipa habari, nami nimekuwa nikiwapa watu yadi isiyotimia huku wakiniambia ina baraka. Niliona haya peke yangu mle dukani. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba mwanangu alijua, yeye asiyeweza kunyamazia hata mteremko wa sinia, akaninyamazia. Kupima mlimfundisha nyinyi. Kunyamaza je, nani alimfundisha? Ikiwa ni Bi Ndinda, basi naye nimemlalamikia. Fimbo nimeisukuma nyuma ya majora ya pazia, isionekane na mtu.

Basi tazama nilipo. Mkono wangu haufiki tena, na wakati uleule nyinyi mnanitaka nitie sahihi ili aondoke yule mmoja aliyeligundua hilo. Ubao wa duka uliandikwa "na Wanawe" kabla yeye hajazaliwa, na kila unapochujuka nimeupaka rangi upya nikimfikiria yeye. Akishazizoea meli, atarudi kupima pazia? Naogopa hatarudi. Nimeliandika wazi kwa sababu katika fomu yenu hapana nafasi ya kuliandika.

Tena si mimi tu nitakayepata hasara. Mji huu umesimama kwa takriban. Mtu akisema yuko njiani, anatafuta kiatu. Tunajua, tunamngoja, tunapendana. Kijiko cha chumvi ni kiasi, pilipili ni kidogo, na harusi ya saa nne ni baada ya adhuhuri. Ukiwamwagia watu hawa vijana wenye maikromita mfukoni, itajulikana nani huchelewa, nani hunyonywa na nani ameegemea nani, na hapo Mombasa itakuwa na kesi kuliko watu.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, mkichagua lolote mtakaloweza.

Kwanza, mumsahaulishe. Msianze na mengi. Anzeni na milimita, mkifika sentimita mumwache nayo, kidogo itatufaa dukani.

Ikiwa hamna mashine ya kusahaulisha, basi mwanzishe somo la Takriban, la lazima kwa wanafunzi wote, na mimi nitalifundisha. Nitawafundisha maana ya "hapo hapo tu", tofauti kati ya "kidogo" na "kidogo hivi", na namna ya kuona jambo lililopinda kisha ukauliza habari za watoto. Mtihani wake utakuwa wiki fulani.

Na ikiwa hilo nalo haliwezekani, basi meli zije zitengenezwe Biashara Street. Nimeutazama mtaa kwa jicho langu. Ni mwembamba, lakini meli ndogo, tukiwaomba watu wa viatu waingize meza zao ndani, itapita.

Nisalimie walimu wote, waliomfundisha na wasiomfundisha. Nisalimie mlinzi. Wanafunzi wenzake wote nawatakia heri, kila mmoja kwa wazazi wake. Bi Ndinda nisalimie pia, ingawa kwa ubaridi kidogo. Mama yangu anawasalimu nyote, na anaomba mumwambie aliyebuni pimamaji kwamba anamwombea.

Mimi ninayengoja jibu lenu, msiharakishe lakini msichelewe,

Tayebali,
mwenye duka na baba mtu.

Nyongeza: Mama yangu ameisoma barua hii akiwa amesimama nyuma ya bega langu lililo zima. Alikinyooshea kidole kibao kilichoko juu ya kaunta yangu mwenyewe, nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe: NGUO IKISHASHONWA HAIRUDISHWI. Siwezi kukipinga.

Halafu nilipokuwa naikunja fomu yenu niwarudishie ikiwa tupu, nikaona pembe zake hazikutani. Fimbo ya shaba ilikuwa karibu (siku hizi naitumia kwa kazi ndogo ndogo, na kwa kazi kubwa pia), nikaipima. Upande wa kushoto umepungua milimita mbili na nusu. Nilirudia kupima, maana mara ya kwanza mtu huweza kujidanganya, na ikawa ni hizo hizo. Bi Mkuu, haya ni mambo gani? Chuo kinachofundisha vipimo kinaandika jina la binti yangu juu ya karatasi iliyopinda, kisha kinataka kuipeleka kwa watu wa meli? Watamwonaje? Nimeinyoosha kwa mkasi wa duka, nikiifuata fimbo na jicho nikilifumba, na nimetia sahihi juu ya mstari wenyewe.

Bahasha ataileta Lubaba. Hajui kilichomo ndani. Anadhani ni malalamiko matupu, na asubuhi hii chai yake hakuimaliza. Tafadhali ifungue mbele yake, uanze na fomu. Akiuliza ni nani aliyeikata sawa hivyo, mwambie ni baba yake. Na kama haamini, aipime.